Herufi Kubwa za Njano

Jumatatu, 25 Agosti

Nimegeuza kalenda za miaka iliyopita na kuandika migongoni mwake, kwa ile kalamu nene nyeusi ya kuandikia maboksi. Herufi ndogo sizioni tena. Mtoto wa jicho yuko macho yote mawili, na zamu yangu ya kupasuliwa ni mwakani. Sina huzuni nalo. Uso wa Lemapu umekuwa laini tangu nianze kuuona kwa ukungu, na baada ya miaka thelathini ya ndoa hilo si jambo dogo.

Wifi yangu Siulolo amefika leo kwa feri ya asubuhi kutoka Apia. Nyumba yake inabadilishwa mabati, na mwanawe kamwambia akakae huku kisiwani kwetu Savai'i kwa mdogo wake Lemapu hadi Jumapili ya Watoto ipite. Amekuja na mabegi mawili, mto wake mwenyewe, na maoni. Kabla hajamaliza kikombe cha kakao nilikuwa nimeshajua kwamba friji yangu imekaa upande mbaya na mbwa wangu amenenepa kuliko mume wangu.

Jioni ulipogongwa ule mtungi mtupu wa gesi unaoita kijiji kizima kwenye sala, Siulolo aliinuka, akaenda kwenye swichi kuu, akazima nyumba nzima. Redio kimya, friji kimya.

"Marehemu baba hakusali na friji ikinguruma," akasema.

Akawasha taa ya mafuta, tukakaa mkekani, tukasali. Kwetu mwanaume hambishii dada yake, na mke wa mwanaume huyo ndiyo kabisa. Jumapili ya Watoto ni katikati ya Oktoba. Niliikodolea kalenda macho, ingawa siioni.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeanza tamthilia ya watoto ya mwaka huu. Ni ya nguruwe aliyenoneshwa kwa ajili ya karamu ya Jumapili ya Watoto, akasikia habari zake, akakimbilia kanisani katikati ya ibada. Sasa waumini wanabishana wamfanye nini. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka Lemapu akachungulia.

Naandika kwenye kompyuta ya mezani aliyoniletea mwanetu Aukuso kutoka Auckland. Aliniwekea programu ya kuandikia, ndogo, ya maandishi matupu. Kioo cheusi tititi, herufi za njano, kila moja kubwa kama kiberiti. Hizo ndizo herufi pekee duniani zinazoniwezesha kusoma nilichoandika jana. Kwa kalamu hii ya maboksi tamthilia nzima ingemaliza kalenda za kijiji chote.

Asubuhi ni ya jiko na kamati ya wanawake. Alasiri ni yangu. Niliandika hadi mtungi ukalia, nikainuka, swichi ikazimwa, tukasali.

Jumatano, 27 Agosti

Programu imekataa kufunguka. Nabofya, dirisha linatokea, linapepesa mara moja, linajifunga. Nimebofya mpaka kidole kikauma.

Alhamisi, 28 Agosti

Aukuso amepiga simu baada ya zamu yake. Tunaongea kwa sauti ya nje, simu juu ya meza, kila mtu akipiga kelele kana kwamba Auckland ni nyumba ya pili.

"Mama, zima kompyuta uwashe tena."

"Nimezima, nimewasha. Inajifunga tu."

"Basi iondoe yote, uiweke upya. Baba yupo?"

Baba alikuwepo, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, maana yeye ndiye macho yangu ya vitu vidogo. Alisoma kila neno lililotokea kwenye kioo polepole kama anasoma tangazo la msiba. Tukaiondoa, tukaiweka upya. Ikapepesa, ikajifunga.

"Mimi nilikwambia kompyuta za mtumba zina mapepo," Siulolo akasema kutoka barazani.

"Shikamoo shangazi," Aukuso akasema kwenye simu.

"Marahaba. Oa."

Ijumaa, 29 Agosti

Leo tumezima viongezeo vyote, vile vitu vidogo vidogo ambavyo programu inavibeba mgongoni. Havikuwa na kosa. Tumevirudisha.

Jumamosi, 30 Agosti

Furaha. Aukuso alimwambia baba yake alibadilishe jina lile folda la mipangilio, ili programu ijione mpya. Ikafunguka. Lakini ilifunguka nyeupe, herufi kama sisimizi, na mimi nikaona ukungu mtupu. Ningeweza kulia. Badala yake nilimwambia Aukuso, "Mwanangu, umemfufua mgonjwa lakini si yule tuliyemleta hospitali."

Akacheka, akasema tatizo limo ndani ya folda lile, na tutalitafuta kwa nusu. Rudisha nusu ya mipangilio, jaribu. Ikifunguka, kosa liko nusu ya pili. Gawanya tena. Lemapu alilipenda zoezi hilo, alisema ndivyo anavyotafuta kiazi kibovu kwenye gunia. Mwishowe kikabaki kifaili kimoja kidogo, ambamo programu inaandika kumbukumbu ya ilichokuwa imekifungua jana. Kimeharibika, programu inajaribu kukisoma, inakufa. Tukakifuta. Herufi za njano zikarudi, kubwa, nzuri.

Maneno yangu ya Jumanne hayakurudi. Yalikuwa ndani ya kumbukumbu ile iliyoharibika.

"Mama, kwani huwa hubonyezi kuhifadhi?"

"Wewe mwenyewe uliniambia inakumbuka yenyewe."

Akasema kweli, aliniambia. Ni mtoto mzuri. Niliandika upya hadi mtungi ukalia. Swichi, taa ya mafuta, sala.

Jumatatu, 1 Septemba

Imejifunga tena. Kifaili kile kile.

Jumanne, 2 Septemba

Imejifunga.

Jumatano, 3 Septemba

Imejifunga. Lemapu anarudi shambani saa tisa akiwa na udongo mpaka magotini, anaoga, anavaa miwani yake miwili, anatafuta kifaili, anakifuta. Saa nzima inaondoka, na wakati mwingine zaidi, maana anaogopa kufuta kisichotakiwa na anataka tuombe kwanza. Kwangu kinabaki kipande cha jioni. Angalau sasa nahifadhi, nikikumbuka.

Ijumaa, 5 Septemba

Lagimaina, mke wa mchungaji, alipita na panikeke za moto, yale maandazi yetu ya mviringo. Mwanamke mpole, hajui kumwumiza mtu, kwa hiyo alizunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Mama Aukuso, watoto wanauliza sehemu zao. Nimewaambia unaandika."

"Naandika, Mama. Kompyuta inasumbua."

"Ndiyo maana nikasema, usijiumize. Ile ya mwaka juzi ipo, tunaweza kuirudia. Na macho yako haya."

Alisema kwa upendo. Nikamwomba anivumilie, nitampa onyesho moja moja, na la mwisho atalipata kabla ya saa sita ya Jumamosi ile ya mwisho. Akakubali, akasema ikipita hapo watacheza ya zamani.

Niliosha sahani na maneno yale yakiniwasha. Nimekuwa mke katika ukoo huu miaka yote hii. Shamba ni lao, nyumba ni yao, makaburi mbele ya baraza ni yao. Tamthilia ndiyo yangu. Mara moja kwa mwaka kijiji kizima kinasema nilichokiandika mimi, kwa vinywa vya watoto wao. Sitaki kuagwa kwa kurudiwa tamthilia ya mwaka juzi.

Siulolo aliuliza kwa nini sufuria linagongwa hivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Wifi ameenda Apia kukagua mabati. Jioni Lemapu alizima balbu tu na kuwasha taa ya mafuta, friji ikanguruma, Bwana hakulalamika.

Jumatano, 10 Septemba

Nimebofya tu, ikafunguka. Yenyewe. Maneno ya jana yote yamenisubiri.

Alhamisi, 11 Septemba

Imefunguka tena. Nimemaliza onyesho la kwanza, lile ambalo mzee wa kanisa anamkimbiza nguruwe kati ya viti huku kwaya haiachi kuimba. Lagimaina amelichukua akachapishe.

Wifi karudi na feri ya alasiri, kabla ya sala. Mabati bado.

Ijumaa, 12 Septemba

Imejifunga.

Nilikaa mbele ya kioo kile nikihesabu. Wifi yupo, inakufa. Wifi hayupo, inafunguka. Wifi karudi, imekufa. Sipendi nilichokiwaza, lakini nilikiwaza, tena kwa raha fulani. Anazunguka zunguka nyumba hii usiku kucha kwa sababu halali vizuri. Anasema kompyuta ina mapepo. Na mwaka ule nilipoandika ya kaa na mchungaji, ni yeye aliyesema tamthilia za siku hizi zimejaa kicheko.

Lemapu nilimgusia tu. Aliweka kijiko chini.

"Huyo ni dada yangu, Moelagi."

"Sijasema kitu."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Jumatatu, 15 Septemba

Jumamosi baada ya kuandika nilifunga chumba cha kompyuta kwa ufunguo, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la lavalava niliyojifunga kiunoni, nikalala nao, nikaenda nao kanisani. Leo nimefungua mlango mwenyewe.

Imejifunga.

Kwa hiyo si mkono wake. Nilitoka nikamkuta barazani anamtoa mbwa wetu mnene kupe, anamsemesha kama mtoto. Nikamtengenezea kakao bila kuombwa. Akasema ina sukari kidogo.

Alhamisi, 18 Septemba

Joto. Imejifunga. Onyesho la pili nusu.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku hii lazima niiandike yote, hata kama itakula miezi mitatu ya kalenda.

Aukuso alikuwa na mapumziko, akapiga akiwa ametulia.

"Mama, nimechoka kufuta kile kifaili. Tuache kutibu, tuulize kinaumwa nini. Niambie siku yako yote na hiyo kompyuta. Usiruke kitu."

Nikamwambia. Baba yako anakifuta, inafunguka, naandika, nahifadhi nikikumbuka, jioni inafika.

"Jioni inafika, unaifungaje?"

"Nani?"

"Programu. Unaifunga kwanza, halafu unazima kompyuta? Au unazima kompyuta moja kwa moja?"

"Mimi sizimi chochote. Mtungi unalia, nainuka naenda kusali."

"Halafu ukitoka kusali?"

"Nikitoka kusali imeshazimika. Si shangazi yako anazima umeme?"

"Shangazi anazima umeme," Aukuso akasema polepole.

"Swichi kuu. Ya nyumba nzima. Kwa ajili ya sala."

"Kila siku?"

"Tunasali kila siku, Aukuso. Au huko umeacha?"

"Mama. Tangu Agosti nakuuliza kuna nini kipya, unaniambia hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Ni sala."

Akacheka mpaka akakohoa, halafu akanieleza. Programu inaandika kumbukumbu yake muda wote nikiwa nimeifungua. Umeme ukikatwa ghafla katikati ya kuandika, kumbukumbu inabaki nusu, na kesho yake inajikwaa hapo hapo. Shangazi akiwa Apia hakuna aliyekata umeme. Kumbe ndiyo hivyo tu. Wala si mapepo, wala si mkono wa mtu usiku. Tumesali kwa bidii mno.

Nilijisikia mjinga na mwepesi kwa pamoja. Ni kweli sikumwambia, lakini ningemwambiaje? Mtu akikuuliza kwa nini mchuzi umechacha, humtajii kwamba asubuhi ulinawa uso.

"Sasa rahisi," Aukuso akasema. "Mwambieni shangazi asizime swichi kuu."

Mimi nikamtazama Lemapu. Lemapu akaitazama simu.

"Unataka kuzungumza na mama yako zaidi?" akamwuliza mwanawe, akaenda kulisha kuku.

Jumapili, 21 Septemba

Tukitembea kutoka kanisani, Siulolo akiwa mbele na mwavuli wake, nilimwuliza Lemapu kwa sauti ya chini kama atamwambia.

"Mimi? Nikamwambie dada yangu aache kusali anavyosali?"

"Asiache kusali. Aache swichi."

"Wewe mwambie."

"Mimi ni mke aliyeolewa kwenu. Nikianza kumpangia binti wa ukoo swichi za nyumba ya baba yake, kesho nitakuwa habari ya kijiji."

"Basi ndiyo hivyo," Lemapu akasema, na alionekana ameridhika kabisa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeamua kufunga mwenyewe kabla mtungi haujalia. Jua likigusa dirisha la magharibi, nahifadhi, nafunga programu, nazima kompyuta. Napoteza kipande kitamu cha jioni, kile ambamo maneno huwa yanakuja, lakini potelea mbali.

Jumanne, 23 Septemba

Imefunguka.

Jumatano, 24 Septemba

Imefunguka. Lemapu karudi shambani akauliza kama anahitajika. Nikamwambia hapana. Alivua miwani yake miwili kwa huzuni kidogo.

Ijumaa, 26 Septemba

Kitu cha ajabu. Saa nane mchana niko jikoni nakuna nazi za kesho, Siulolo akaingia, akaninyang'anya mbuzi.

"Nenda kaandike. Mimi nitakuna."

"Wifi, acha tu, namalizia."

"Nimesema nenda. Unavyokuna wewe tui linatoka jembamba."

Binti wa ukoo kukaa juu ya mbuzi huku mke wa mdogo wake yuko kitini ni jambo ambalo sijaliona tangu niolewe. Nikadhani kaona nimezeeka jikoni. Nilinuna hadi chumbani. Lakini niliandika saa tatu nzima.

Jumatatu, 29 Septemba

Kakuna tena. Na majani ya magimbi kayafunga yeye. Ni kweli tui lake ni zito.

Onyesho la pili limekwenda kwa Lagimaina. Watoto wameshaanza mazoezi. Nguruwe ni Fetuao, binti wa jirani, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Ijumaa, 3 Oktoba

Joto limekaa juu ya bati na halitaki kushuka. Mawingu yanajikusanya mlimani kila alasiri, yanatutazama, yanaondoka.

Kila kitu kipo isipokuwa neno la mwisho. Waumini wanamzunguka nguruwe, mchungaji wa mchezo anamwuliza, "Haya, jitetee. Kwa nini tukuache?" Na nguruwe wangu hana jibu. Nimemwandikia jibu la busara, nikalifuta. Nimemwandikia la kuchekesha, nikalifuta. Fetuao kaniuliza kanisani, "Bibi, mimi nasema nini?" Nikamwambia nguruwe bado anafikiri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nguruwe bado anafikiri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Lagimaina kanipitia. Kaniletea papai.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza imeshuka leo, tena yote kwa pamoja. Ilianza saa kumi juu ya bati na sikusikia kitu kingine tena. Jua halikugusa dirisha kwa sababu halikuwepo. Sikujua ni saa ngapi, na sikutaka kujua, kwa sababu nguruwe alikuwa ameanza kusema.

Alikuwa anasema kwa kusitasita, na mimi naandika kwa kusitasita. Sikuwa nimehifadhi tangu mchana. Kitu fulani kikanifanya niinue kichwa, labda harufu ya mafuta ya taa. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni Lemapu alikuwa ameshakaa mkekani, taa ya mafuta imewashwa mbele yake, na ameinamisha kichwa. Mtungi ulikuwa umelia zamani. Kijiji kizima kilikuwa kwenye sala, vijana wa zamu wamesimama barabarani kwenye mvua na miavuli yao, wakiangalia nani anatembea na balbu za nani zinawaka, maana saa ya sala ni taa ya mafuta tu. Na za kwetu zilikuwa zinawaka, nyumba nzima, jiko, baraza, kila balbu.

Siulolo alikuwa amesimama chini ya swichi kuu. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Hakuwa ameizima. Alikuwa ananitazama mimi, na sijui alikuwa amesimama hivyo kwa muda gani, mtu wa miaka sabini na mkono juu.

Nilianza kuinuka.

"Kaa," akasema. "Malizia."

"Wifi, sala."

"Nimesikia mtungi, mimi si kiziwi. Malizia, halafu uhifadhi, halafu ufunge hiyo programu, halafu uzime. Si ndivyo alivyosema mtoto? Mnapiga simu kwa kelele mpaka samaki wanasikia, halafu mnaninong'ona mgongoni mkitoka kanisani."

Lemapu hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kwa hiyo alijua. Tangu siku ile ya simu alijua, akasubiri nimwambie, na niliposhindwa akachukua mbuzi akakuna nazi. Mimi nilinuna. Herufi za njano zikayeyuka, nikalazimika kupangusa macho kwa pindo la lavalava ili nione ninachoandika.

Niliandika jibu la nguruwe. Anamwambia mchungaji, "Sina cha kujitetea. Niliogopa, nikaona mlango uko wazi, nikaingia." Basi, hakuna zaidi. Nikahifadhi. Nikafunga. Nikazima.

"Tayari, wifi."

Swichi ikashuka. Tukasali. Siulolo alisali kifupi kuliko siku zote, alisema mkono unamuuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Onyesho la mwisho lilifika kwa Lagimaina asubuhi, mapema kabisa. Lemapu alilipeleka chini ya mwavuli, kwenye kijiti kidogo cha kuhifadhia faili, amekikumbatia kama yai.

Karibu na mchana Penitala akaja, mkubwa wa vijana wa zamu, amevaa shati safi. Alikaa pembeni ya mkeka, akasalimia kwa heshima zote, akakohoa.

"Baba Lemapu, jana wakati wa sala taa za nyumba hii ziliwaka. Wenzangu wote wameona. Mnajua utaratibu."

Lemapu akatazama miguu yake. Mimi nikafungua mdomo.

"Taa zilikuwa zangu," Siulolo akasema.

Penitala akageuka. Huyu ni mtoto ambaye Siulolo alimwosha alipozaliwa.

"Shangazi? Wewe?"

"Mimi. Kwani kuna binti mwingine wa mzee aliyejenga nyumba hii? Swichi ni mimi ninayeishika. Jana sikuizima."

"Labda kulikuwa na mgonjwa," Penitala akamsaidia. "Kukiwa na mgonjwa huwa tunaelewa."

"Hakuna mgonjwa. Kulikuwa na kazi. Faini ni nini siku hizi?"

"Katoni la samaki wa kopo, shangazi. Lakini kwa wewe wazee wanaweza..."

"Sitaki punguzo. Lemapu, nenda dukani. Wale wa mafuta, si wa nyanya, tusije tukaaibika."

Penitala aliondoka kinyumenyume. Mimi nilikuwa nimekaa na mdomo wangu wazi ule ule.

"Wifi, kosa lilikuwa langu," nikamwambia.

"Najua. Ungelibeba wewe wangesema mke wa Lemapu hana adabu. Nikilibeba mimi watasema Siulolo anazeeka. Hilo wameshalisema." Akaenda kuangalia magimbi.

Jumapili, 12 Oktoba

Watoto wamevaa nyeupe pee, kanisa limejaa, mvua imetulia. Siwezi kuona nyuso kutoka kiti cha tatu, lakini nilisikia kila kitu. Walicheka pale pale nilipocheka mimi Agosti. Mzee wa kanisa wa kweli alicheka kuliko wote alipojiona anakimbia.

Kisha mchungaji wa mchezo akauliza, na Fetuao, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akajibu kwa sauti ndogo kabisa. "Niliogopa, nikaona mlango uko wazi, nikaingia." Nikasikia watu wakitafuta leso. Siulolo pembeni yangu alipuliza pua kama feri inayoondoka.

Baadaye watoto walikaa kula kwanza, sisi wazazi tukawahudumia kama ilivyo siku hii. Nguruwe wetu alikula nyama ya nguruwe sahani mbili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mapumziko. Tumelala mpaka jua limepanda. Mwana wa Siulolo amepiga simu, mabati yamekamilika.

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi hii niliamka kabla yao, nikaenda chumbani, nikabofya. Ikafunguka mara moja, bila kupepesa, njano kwenye weusi, tamthilia yangu yote kuanzia neno la kwanza. Sikuwa na cha kuandika. Nilikaa tu nikiisoma.

Nikasikia zipu ya begi. Siulolo alikuwa anapanga vitu vyake kwa ajili ya feri. Lemapu alishatoa gari. Nilisikia mto wake ukiingizwa kwenye mfuko. Hii ndiyo siku niliyoitafuta kwenye kalenda nilipoanza kuandika, na nilikuwa nimekaa pale nikitafuta sababu yoyote ya feri kuharibika.

Kumwomba abaki siwezi. Mke aliyeolewa hamwaliki binti wa ukoo kwenye nyumba ya baba yake. Ingekuwa kama kumkaribisha mtu kwenye kiti chake.

Alikuja mlangoni kuniaga, begi mkononi.

"Haya, wifi. Mimi naondoka. Kuna kitu?"

"Programu, wifi," nikasema. "Imejifunga tena."

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Kioo kilikuwa kinawaka mbele yetu sote wawili, na herufi zile hata mtu aliye barabarani anaweza kuzisoma. Alizitazama. Nilimsikia akizisoma kwa kunong'ona, mstari mzima.

Kisha akaliweka begi chini.

"Tatizo kubwa hilo," akasema. "Lemapu, rudisha gari."